Sauti Nyuma ya Turubai

Treni ilituacha Kigoma alfajiri, mimi na mjomba aliyekuwa amehamishiwa Kibondo kikazi, na mkate tuliotoka nao Dodoma ulikuwa umeshaota ukungu. Kutoka Kigoma tukapanda basi lililojaa ndoo za dagaa na madumu ya mawese, likatufikisha Kasulu, na hapo tukakwama. Magari ya Kibondo hayakuwa yakitembea peke yake mwaka ule. Yalisubiriana, yakapangwa mstari, askari wenye bunduki wakapanda la kwanza na la mwisho, ndipo msafara ukaondoka, kwa sababu porini kulikuwa na majambazi wa kuteka mabasi. Mvua ilikuwa imenyesha. Kila tulipofika penye msitu mnene dereva alizima redio, na basi zima likanyamaza kama watu wanaosikiliza mgonjwa anavyopumua. Mama aliyeketi karibu nami alikuwa amepakata jogoo. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akanitazama akingoja kitu kingine, na kilipokosekana akamgeukia mjomba: "Mwana wenu anaumwa? Mbona anaamkia kama anafukuza kuku?" Basi zima likacheka, hata askari. Mimi sikujua kosa langu. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba kwa Waha, wenyeji wa huko, salamu haitamkwi ikaisha. Mdogo anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anasema mwakeye, anaulizwa waliolala na walioamka, na makofi yanaendelea chini chini mpaka mkubwa aridhike. Asiyefanya hivyo si tu kwamba hana adabu. Watu humtazama mara mbili, wakitafuta kilichopungua.

Nimeishi miji mingi tangu hapo. Nimekuwa utingo wa malori, mlinzi wa ghala, mchoraji wa mabango, muuza vitunguu, na hakuna mji uliowahi kunishika hata miaka mitatu. Simu ya Josefina ilinikuta Tunduma, nikiwa kwenye chumba chenye kitanda na ndoo tu. "Mgogo, safari hii uko wapi?" akauliza. Tangu tukiwa shule hajawahi kuniita jina lingine. Nikamwambia. Akasema, "Mzee Bukuru tumemzika jana." Nikamwuliza habari za Spesioza, binti yake. "Yupo. Msiba mzima kakaa jikoni anachambua maharage. Wageni wa Manyovu wakaona haamkii mtu, wakaanza minong'ono. Nikawaambia mwacheni, mwenye msiba mkubwa hapa ni yeye." Tukacheka kidogo, kama wanavyocheka watu waliozeeka mbalimbali. Siku hizi redio ina jina la hali ile, wanaiita usonji, na daktari anahojiwa, na wazazi wanapiga simu kuuliza maswali. Mwaka ule hatukuwa na jina. Tulikuwa na mchezo wa kuigiza tu, na mchezo wenyewe nusura umtoe Spesioza shuleni.

Shule ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Kitahana, majengo manne ya matofali mekundu na bwalo lenye bati lililopigia kelele kila mvua. Niliingia kidato cha tatu. Siku ya kwanza wenzangu waliniuliza kama nimekuja kuombaomba, kwa kuwa ndivyo Wagogo wanavyotaniwa, nami kwa kutojua utani nikakasirika, jambo lililowafurahisha zaidi. Walimu niliwaamkia vibaya, wapishi niliwaamkia vibaya, na mwisho nikaona heri nijifiche. Mahali pa kujificha palikuwa stoo ya jikoni. Mle ndani, juu ya gunia, aliketi msichana mrefu mwenye sweta la kijani lililofungwa vifungo vyote, mbele yake sinia la maharage. Hakuniangalia. Nilisimama, nikasubiri aseme neno, nikachoka, nikaketi sakafuni. Muda ukapita. Kisha kwa ubavu wa kiganja akayagawa maharage katikati ya sinia na kusukuma nusu upande wangu. Basi. Nikaanza kutoa mawe. Hiyo ndiyo salamu pekee niliyopewa Kibondo ambayo sikuikosea.

Huyo ndiye Spesioza. Alikuwa darasa letu. Akiguswa begani aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni kuwa kengele ilipogongwa, aliziba masikio na kuinama mpaka ikome, na kama aliyegonga ni mtundu na hakukoma, alianza kupiga yowe moja refu. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na maharage siku zote, wengine tukinung'unika, yeye akila kwa furaha, kwa sababu kilikuwa kile kile. Na hakuamkia mtu. Mwalimu wa zamu, mwalimu mkuu, padri aliyekuja kuombea mtihani, wote aliwapita akiangalia ardhi. Wanafunzi walisema ana pepo. Wengine walisema anajivuna kwa kuwa baba yake ni mfanyabiashara. Jina langu hakulitaja, wala la mtu yeyote. Akikuhitaji alisimama mbele yako mpaka uulize.

Mwishoni mwa muhula wa kwanza alikuja mkaguzi. Tulipangwa mstarini, na mkaguzi, mtu mpole tu, akamshika Spesioza mkono akimsalimia. Yowe lile lilisikika mpaka barabarani. Alipewa adhabu ya kulima, na akalima vizuri, lakini mwalimu wetu wa Kiswahili, Madam Mwanaidi, alirudi darasani amekunja uso. Alikuwa mtu wa Lindi, mwembamba, mwenye kilemba kilichofungwa kwa pini moja, na yeye pia Waha walikuwa wakimwona hajui kusalimia. Wiki ile akaanza kuandika mchezo kwa ajili ya mashindano ya shule yaliyokuwa yafanyike Kasulu. Aliuita *Mtoto Asiyeamkia*. Ulimhusu Neema, binti wa miaka kumi na sita, na baba yake anayemdai salamu. Kabla hajatusomea, alimwita Spesioza mbele yetu. "Neema anafanana na wewe kidogo," akamwambia. "Nikiandika uongo, utaniambia?" Spesioza aliangalia kifungo cha sweta lake. "Nitasema."

Na akasema. Josefina ndiye aliyepewa Neema, kwa kuwa alikuwa na sauti na hakuogopa watu. Siku ya kwanza ya mazoezi akatoka huku amekengeza macho na udenda unamtiririka, na sisi tukaanguka kwa kicheko. Kutoka pembeni ikaja sauti kavu, isiyopanda wala kushuka: "Udenda hautoki." Josefina akajifuta. "Anaziba masikio kwanza. Halafu ndiyo analia," sauti ikaendelea. "Haya bibi, njoo uigize wewe," akasema Josefina. "Sitaki. Watu watanitazama." Mimi nilikuwa baba. Nilipewa koti la mjomba na fimbo. Hatukuwa na nakala za kutosha, Madam alitusomea tukashika kwa masikio, na ndani ya wiki mbili ikajulikana kwamba Spesioza ameushika mchezo mzima, wa kila mtu. Madam akamweka nyuma ya pazia awe mkumbushaji. Pazia lenyewe lilikuwa turubai jeupe lililonunuliwa kwa watu wa kambi ya wakimbizi, upande wa Mtendeli, bado lina matundu ya kamba. Kasoro yake moja ilikuwa kwamba alikumbusha kila kitu. Ukisahau neno alilitamka, ukisahau kusogea alitamka maelezo yenyewe, vile vile kama yalivyoandikwa: "Baba anakohoa. Baba anakwenda dirishani." Nami nikakohoa, nikaenda. Mpaka leo, nikiwa mahali nisipojua la kufanya, huwa nasikiliza kidogo, labda itakuja.

Mwisho wa mchezo ulitoka kwangu, ingawa sikujua natoa kitu. Madam aliniuliza nilifahamianaje na Spesioza, nikamweleza habari ya sinia. Akaenda zake, na kesho yake akatusomea: baba amechoka kudai. Anaketi sakafuni mbele ya mwanawe. Anapiga makofi, yeye mkubwa, anamwamkia yeye mdogo. Neema haitikii. Anagawa maharage, anasukuma nusu. Wanachambua. Mwisho. Wavulana wa Kiha waliguna. "Madam, mkubwa hampigii mtoto makofi. Ni mwiko," akasema mmoja. "Najua," akajibu. "Ndiyo maana ni mchezo."

Mzee Bukuru alifika katikati ya muhula wa pili. Nilikuwa nafagia veranda ya ofisi, na dirisha la mwalimu mkuu halikuwa na kioo. Nilisikia makofi ya salamu yakichukua muda mrefu, kisha kiti kikasogezwa. "Mkuu," sauti ikasema, Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, "mimi nchi hii nimeingia nikiwa nimebebwa mgongoni. Nimekuwa raia, nina kiwanja, nina duka Manyovu. Unajua kilichonifikisha? Kuamkia watu. Nimemwamkia kila mtu, hata anayenitukana. Sisi tunatazamwa, Mkuu. Na mwana wanje, mwanangu mwenyewe, haamkii hata mimi." Mwalimu mkuu akasema mambo ya subira. "Subira ipi? Huko Manyovu wananiambia, mpeleke kwa mwombezi. Wengine wanasema, mpe mume. Mimi nasema akae nyumbani, asinitie aibu njiani." Ufagio wangu ulikuwa umesimama na mimi nimeusahau. "Nasikia mnakwenda Kasulu na mchezo. Siku hiyo nitapita hapo. Nitakuja kuona. Kama amebadilika, arudi nanyi. Kama ni huyu huyu, sanduku lake lije, naondoka naye pale pale."

Kwa hiyo sanduku lilikwenda Kasulu. Lilikuwa sanduku la bati la bluu, nalo lilipakiwa juu ya lori pamoja na turubai, koti langu na sinia, na njia nzima hakuna aliyeweza kuacha kuliangalia. Spesioza aliketi pembeni penye mbao, akiwa amefunga kanga masikioni kwa ajili ya kelele za injini. Josefina alijaribu kutuimbisha, tukaimba bila moyo. "Akibaki huko," akanong'ona kwangu, "nani atatukumbusha?" Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa na hasira naye kwa kulifanya jambo lenyewe dogo namna ile, nami nilikuwa nawaza lile lile: nitajificha na nani.

Tulilazwa kwenye darasa la shule iliyotukaribisha. Asubuhi ya mashindano, tukinywa uji, mwalimu mkuu akaja akasimama juu yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezungumza na majaji, na alikuwa amefikiri usiku kucha kuhusu Mzee Bukuru, na yote mawili yalimpeleka mahali pamoja. "Mwisho ubadilike," akasema. "Majaji hawatoi alama kwa mtoto asiyepona. Na mzee yule anatafuta tumaini. Mgogo, wewe utamwekea Neema mkono kichwani, utamwombea. Neema ataanguka. Atainuka, atapiga magoti, atampigia baba yake makofi, ataamkia. Pazia." Madam Mwanaidi akaweka kikombe chini. "Mkuu, na akitoka hapo akamkuta wa kwake hajapona?" "Mwanaidi, ni mchezo. Apone." Tukafanya mazoezi ya mwisho huo mara moja, tukiwa bado na uji midomoni. Spesioza alikuwa amesimama mlangoni. "Si hivyo," akasema. Madam akamweleza kwamba ni agizo, kwamba safari hii afuate tulivyobadilisha. Spesioza alisikiliza mpaka mwisho. "Si hivyo," akarudia, akaenda kuketi mahali pake nyuma ya turubai, saa nyingi kabla ya wakati.

Ukumbi ulijaa. Tulipopanda nilimwona Mzee Bukuru, benchi la tatu, mtu mfupi wa suti ya kahawia, kofia ameiweka juu ya magoti na mikono juu ya kofia. Watu walicheka mahali ambapo hatukutaka wacheke. Josefina alipoziba masikio, wavulana wa nyuma waliziba yao na kupiga yowe. Mzee Bukuru hakucheka, wala hakugeuka. Nilimdai Neema salamu, nikamtishia fimbo, nikalalamika kwa majirani wasioonekana, na maneno yalinitoka sawasawa, kwa kuwa ni maneno niliyoyasikia kwa dirisha lisilo na kioo, nikamsimulia Madam, naye akayatia kwenye mchezo na kuyaongeza kidogo. Ndipo tukafika mwisho. Nikainua mkono. Josefina alikuwa ameketi mbele ya sinia, akaniangalia. Kichwani mwangu hapakuwa na sala wala nusu ya sala. Mkono ukabaki juu. Kutoka benchi la mbele mwalimu mkuu akanong'ona, "Omba! Omba!"

"Baba hamgusi," ikasema sauti nyuma ya turubai.

Watu wakaguna. Sauti ikangoja, kama ilivyokuwa ikingoja kwenye bwalo letu tulipochelewa, kisha ikaongezwa nguvu, ikasikika mpaka mlangoni: "Baba hamgusi. Baba anakaa chini." Kicheko kikapasuka. "Nani huyo?" "Ni redio!" Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nusu. Nikamtafuta Mzee Bukuru kwa macho, nikamkuta hanitazami mimi. Alikuwa anatazama turubai, mdomo wazi. Wenzangu walisema baadaye kwamba nilikuwa jasiri. Hapana. Niliogopa, na miezi yote ile nilikuwa nimezoea kwamba nikiogopa, sauti ile inasema, nami nafanya. Mkono ukashuka. Nikakaa chini.

"Baba anapiga makofi."

Nikapiga, taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, jinsi nilivyofundishwa hatimaye na watu wa Kibondo. Mama mmoja akapaza sauti: "Yooo! Mzee anamwamkia mtoto!" Wachache wakacheka naye, kisha kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu niliendelea kupiga na Josefina aliendelea kutojibu. Sijui ilikuwa muda gani. Akagawa maharage. Akasukuma nusu. "Wanachambua," ikasema sauti, sasa kwa upole wa mtu anayesinzia. "Wanachambua. Mwisho."

Hatukushinda kitu. Jaji mmoja alisema mchezo hauna fundisho, na kwamba mkumbushaji wetu amesikika kuliko waigizaji, na hapo alikuwa na haki. Mwalimu mkuu alimwambia Madam, "Tutaonana Kibondo," akatutangulia kwenye lori bila kutuangalia. Uani, pikapu iliyokuwa inakwenda Manyovu ilikuwa imewashwa. Mzee Bukuru alikwisha kulishusha sanduku la bluu, amelibeba begani. Spesioza alikuwa ameshapanda lori letu, pembeni penye mbao, kanga masikioni, mahali alipokaa wakati wa kuja. Sote tulijua kitakachofuata. Atamwita, hataitika. Atamshika, litatoka lile yowe, mbele ya shule zote za wilaya mbili. Josefina alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Mzee akafika ubavuni mwa lori. Akasimama. Hakumwita. Dereva wa pikapu akapiga honi, na Spesioza akainama. Mzee akageuka, akamwashiria dereva aache. Kisha akalitua sanduku kutoka begani na kulirudisha juu ya lori, akalisukuma taratibu mpaka likakaribia miguu ya binti yake bila kuigusa. Akamwendea Madam Mwanaidi, akaanza makofi ya salamu, akayakatisha katikati, jambo ambalo sikuwahi kumwona mtu mzima akifanya.

"Mwalimu," akasema. "Mchezo wenu sikuuelewa. Baba kumwamkia mtoto, hilo sijui. Sitalifanya." Akavaa kofia, akaivua tena. "Lakini ile sauti niliijua. Nyumbani anasema maji. Anasema sitaki. Miaka kumi na sita, sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo. Na wewe uliyekuwa baba," akanigeukia, "ulikuwa unamtii." Nikachuchumaa, nikapiga makofi. "Amalize mtihani," akamwambia Madam. "Nitaleta ada." Akaondoka na pikapu bila kuaga. Spesioza akavua kanga masikioni, akauliza, hakumwuliza mtu hasa, kama leo usiku tutakula maharage.

Muhula huo Madam hakupewa tena mchezo wa kuongoza. Mwezi wa kumi na moja mjomba akapata barua ya uhamisho mwingine, na mimi nikafungasha. Natakiwa kusema niliumia. Niliumia, lakini pia miguu iliwasha kwa hamu ya barabara, na hiyo haijaniacha. Asubuhi ya kuondoka, kabla msafara haujapangwa, nilikimbia shuleni. Mpishi alikuwa anawasha kuni. Spesioza alikuwa stoo, juu ya gunia, sweta la kijani, vifungo vyote.

"Naondoka," nikasema. "Sirudi."

Akagawa maharage, akasukuma nusu. Barabarani nilisikia honi ya basi, ndefu, kisha sauti ya mjomba ikiniita kwa hasira. Nikaketi. Nikachambua upande wangu wote, nikatoa mawe matatu na harage moja lililooza, nikausukuma urudi kwake. Halafu nikachuchumaa na kumpigia makofi, mimi niliyekuwa mkubwa kwake kwa miezi michache. Hakuinua kichwa. Nikasimama, nikafika mlangoni, nikashindwa kuvuka kizingiti. Nilisimama pale nimeshika fremu kama mwigizaji aliyesahau.

Nyuma yangu ikaja ile sauti, isiyopanda wala kushuka. Haikusema Baba, wala haikusema Mgogo. Ilisema jina nililoitwa kwenye mahudhurio ya darasani tu.

"Yona anatoka."

Nikatoka.